Jikoni kwa kuni: majibu kwa wasomaji

Katika toleo lililopita niliandika sentensi mbili za kupita tu: kwamba Jumapili nilipika maharage kwenye mafiga uani kwangu Igoma, na kwamba harufu ya moshi ilinirudisha kwenye ranchi niliyokulia ng'ambo ya ziwa, mkoani Kagera. Barua zilizokuja baada ya hapo zimejaza mfuko. Wabeja sana, asanteni. Nimechagua sita. Wengine mlioandika nimewasoma, na mliouliza kuhusu dagaa nitawajibu mwezi ujao.

Shikamoo mama. Bibi yetu alifariki mwaka jana huko Magu. Kwenye banda la nyuma tumekuta jiko la chuma la kuni, zito sana, lina milango midogo mbele na mmoja umeandikwa DOVER. Bibi alilipata kwa Mzungu aliyemfanyia kazi zamani. Wajomba wanataka liuzwe kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mimi nataka lipike tena. Lina kutu, na bomba la moshi limeoza. Nianzie wapi?
*Mjukuu, Buhongwa*

Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Wajomba waombe wasubiri hata miezi mitatu. Likishakwenda kwa kilo halirudi.

Jiko kama hilo nimekua nalo. Baba yangu, Msukuma wa Kwimba, alivuka ziwa kutafuta kazi akaipata kwenye ranchi ya serikali kaskazini ya Mto Kagera, siku ambazo Kampuni ya Ranchi za Taifa ilikuwa ndiyo kwanza imeundwa, mwaka 1968. Yeye alikuwa mtu wa ng'ombe. Mama alipika kwenye nyumba ya wageni, walikofikia maofisa waliokuja kuhesabu mifugo. Kwetu, kwenye nyumba za wafanyakazi, tulikuwa na mafiga matatu. Nyumba ya wageni ilikuwa na Dover. Mama aliamka saa kumi alfajiri kuwasha moto wetu, kisha akatembea gizani kwenda kuwasha wa pili. Nilimfuata mara nyingi, kwa sababu jiko lile lilikuwa na joto na kwetu kulikuwa na umande.

Sasa hilo lenu. Kabla ya kugusa kutu, kagua kama limepasuka, maana chuma cha kusubu hakipindi, hupasuka. Gonga kila bamba kwa kipande cha mti. Lililo zima hulia kama kengele, lililopasuka hutoa sauti iliyokufa. Halafu usiku weka tochi ndani ya sehemu ya moto, zima taa, lizunguke. Mwanga unapopenya ndipo moshi utakapopenya. Ufa mdogo kwenye bamba la juu usikutishe, mama alipikia juu ya ufa kwa miaka. Ufa mbaya ni ule wa ukuta unaotenganisha moto na oveni, kwa sababu kila utakachooka kitanuka moshi. Usikimbilie kwa fundi wa kuchomelea mageti. Chuma cha aina hiyo kikichomelewa kabla ya kupashwa moto taratibu hupasuka tena pembeni ya pale alipochomea. Nyufa ndogo na maungio yanayopitisha moshi zibeni kwa udongo wa kichuguu uliochekechwa na kukandwa pamoja na majivu. Ukidondoka baada ya muda mnaziba tena.

Kutu itatoka kwa brashi ya waya, mchanga mkavu na nguvu za vijana wawili. Bolti zilizoganda zipake mafuta ya taa na uziache usiku kucha, usizilazimishe. Hapa nina onyo la kweli: kama kwenye ukingo wa mlango kuna kamba nyeupe iliyochakaa, iloweshe kwanza, vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, maana kitambaa hakitoshi, uitoe ikiwa mbichi na kuifunga kwenye mfuko. Kwenye baadhi ya majiko ya zamani kamba hizo zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake linaharibu mapafu. Chuma kikishakuwa safi, kipashe moto kidogo kisha kipake mafuta kwa kitambaa, yaani yale ya ng'ombe au yoyote ya kula yasiyo na chumvi. Upake, halafu uyafute yote kana kwamba umekosea kuyapaka. Kinachobaki ndicho kinachotakiwa.

Bomba jipya liwe na upana uleule wa tundu lake, usilipunguze ili kuokoa bati. Lipande mpaka lizidi kipeo cha paa. Upepo wetu wa mchana unaotoka ziwani ukikuta bomba fupi huusukuma moshi wote urudi jikoni. Na linapopita kwenye paa lisikaribie mbao.

Kisha ujifunze akili ya jiko lenyewe, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hushindwa wakaliita jiko bovu. Oveni ni sanduku lililozungukwa na nafasi tupu. Karibu na linapoanzia bomba kuna kibati chenye mkono wa kuvuta au kugeuza. Kibati kikiwa wazi, moshi hupanda moja kwa moja. Kikifungwa, moshi wenye joto hulazimika kupita juu ya oveni, kushuka ubavuni na kuzunguka chini yake ndipo utoke. Basi washa kikiwa wazi, subiri bomba lipate moto, ndipo ufunge. Anayewasha kikiwa kimefungwa atatoka nje akilia machozi. Ile njia ya chini ya oveni hujaa masizi, kwa hiyo tafuta kifuniko kidogo sehemu ya chini na uichokonoe kila mwezi. Oveni inayounguza juu huku chini mkate ni mbichi, tatizo lake ni masizi.

Moto wa kwanza uwe wa vijiti, nusu saa tu, uzime wenyewe. Kesho yake tena hivyo hivyo. Siku ya tatu ndipo utie kuni, zilizopasuliwa unene wa mkono wa mtoto. Bamba likiwa la moto usilimwagie maji baridi hata kama maziwa yamefurika.

Utajuaje oveni iko tayari? Mama hakuwa na kipimo cha joto. Alichana karatasi ya daftari, akaiweka ndani, akaimba wimbo mmoja wa kanisani mpaka mwisho. Karatasi ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, mkate uliingia. Ikitoka nyeusi, aliacha mlango wazi kidogo na kuimba tena. Mkate ulio nyuma kabisa, upande wa moto, uliungua ubavu kila Jumamosi, na huo hakuna ofisa aliyepelekewa. Huo ulikuwa wetu. Mpaka leo nikinunua mkate dukani nautafuta ule ubavu ulioungua.

Wa kwenu wa kwanza ukitoka, niandikie.

Mama, ni kweli ugali wa kuni ni mtamu kuliko wa gesi, au ni mazoea tu? Mume wangu akitoka kwa mama yake Sumve hunung'unikia chakula changu wiki nzima.
*Mama wawili, Nyegezi*

Mumeo ana sababu, ila hajakueleza yote, labda kwa sababu hajui.

Moto wa kuni hulamba sufuria chini na pembeni, wakati wa gesi hukaa katikati. Kwa hiyo kule maji huchemka kweli, unga huiva mpaka kwenye kuta, na ukoko hujengeka taratibu kama ganda. Moshi nao huingia, hasa mboga ikipikwa bila kufunikwa. Lakini nakuuliza: Sumve ugali ni wa unga gani? Nina hakika mkweo hasongi sembe nyeupe ya dukani. Ni udaga wa muhogo, au mtama, au mahindi yaliyosagwa juzi yakiwa na ganda lake. Hiyo peke yake ni nusu ya utamu. Nusu ya iliyobaki ni muda. Yeye hukaa na sufuria, wewe umerudi kazini saa moja usiku na watoto wanalia njaa.

Fanya hivi kwenye gesi yako. Tafuta sufuria nzito ya kitako kinene, zile nyembamba za bei rahisi ziache kwa chai. Anza na uji mwepesi, uache utokote dakika kumi, usiwe na haraka hapo. Songa, kisha punguza moto mpaka mwisho, funika, acha dakika tano, geuza, funika tena. Na unga utoe mashineni, usagishe wa wiki mbili tu.

Halafu umwambie mumeo, kwa upole lakini kwa maneno yaliyo wazi, kwamba kulinganisha chakula cha mke na cha mama mbele ya watoto kunaumiza. Baba yangu alikula kwa mama yake kila mwaka tulipokwenda Kwimba, na sikuwahi kumsikia akilinganisha.

Hapa kisiwani kuni ni shida na zinauzwa ghali. Ipi ni nzuri, na ipi ni hatari? Jirani anasema kuni ni kuni.
*Mpishi wa mgahawa, Nansio*

Jirani amekosea. Kwanza ni ukavu kabla hata ya aina. Mti uliokatwa leo karibu nusu ya uzito wake ni maji, na unaponunua mzigo mbichi unalipia maji hayo, kisha unatumia moto kuyafukuza, na malipo yako ni moshi. Nunua wakati wa kiangazi, panga chini ya paa penye upepo, tumia baada ya miezi sita. Ukigonga vipande viwili vikavu hulia. Vibichi havisemi kitu.

Mgunga hutoa makaa yanayodumu, na mkwaju pia, ingawa mkwaju nisingeukata kwa ajili ya kuni hata siku moja. Mkaratusi ukikauka vizuri unawaka sana, ila upasue ungali mbichi, ukishakauka utavunja shoka. Mwarobaini uuache kwa kuchemshia maji ya kuoga, kwangu mimi uchungu wake nausikia kwenye samaki wa kubanika. Mabua ya pamba sisi Wasukuma tumeyapikia tangu pamba ilipofika. Yanawaka haraka na kuisha haraka, mazuri kwa uji wa asubuhi, maharage hapana.

Mnyaa, ule wa uzio, usiutie jikoni kabisa. Utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kupofusha, na moshi wake unachoma. Mbao zenye rangi au dawa, na magogo ya ujenzi yaliyopakwa dawa, usibanikie chakula cha watu.

Na kwa mgahawa, mafiga ya wazi yanakula fedha yako. Jenga jiko la udongo au matofali lenye mdomo mmoja na sufuria izame ndani yake.

Mama yetu ana miaka zaidi ya sabini. Anakohoa kila asubuhi na macho yanamtoka machozi. Tumemnunulia mtungi wa gesi, ameufunika kitenge na kuuweka sebuleni. Anasema chakula cha gesi hakina baraka. Nikisoma unavyosifia moto wa kuni naona kama unamuunga mkono.
*Binti yake, Misungwi*

Barua yako nimeisoma mara nne. Una haki ya kunilaumu, na sitajitetea.

Tulihama ranchini mwaka 1978, nitaeleza chini huko ilikuwaje. Mwanza tulipanga chumba, na mama akapikia kwenye kibanda cha mabati kilichojengwa kwa ajili ya mtu mmoja kuchuchumaa. Hakikuwa na dirisha. Wakati wa mvua kuni zilikuwa mbichi, na yeye alipuliza. Nyumba ya wageni kule ranchini ilikuwa na bomba la moshi, kwa hiyo wale wageni walikula chakula kilichopikwa kwenye hewa safi. Wanawe ndio tulipikiwa ndani ya moshi. Alipopelekwa hospitali kwa kifua, nikiwa mtu mzima, swali la kwanza la daktari lilikuwa: anapikia nini, na kwa miaka mingapi? Nilihesabu nikapata zaidi ya arobaini. Hakuwa amevuta sigara hata moja maishani. Alifariki akiwa ameketi, kwa sababu akilala pumzi haikutosha.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020 peke yake. Mimi nikiisoma namba hiyo namwona mtu mmoja. Serikali yetu ilizindua mkakati wake wa nishati safi ya kupikia mwezi Mei 2024, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Mama yako hawezi kungoja 2034.

Tunaosifia moto wa kuni mara nyingi ni sisi tuliokuwa tunakula. Waliokuwa wanapuliza hatukuwauliza. Nimeandika kuhusu harufu ile kwa sababu naipenda, na nitaendelea kuipenda, lakini mafiga yangu yako uani, chini ya mwembe, na nayawasha Jumapili. Siku sita nyingine napikia gesi.

Kwa mama yako, usianze na ugali wala maharage, hapo ndipo penye baraka anayoisema. Anza na maji ya chai. Amka kabla yake, chemsha kwenye gesi, mpelekee kikombe kitandani. Fanya hivyo wiki mbili bila kusema neno. Kisha uji wa wajukuu, kisha kupasha kiporo. Hayo matatu yakihama, moshi wa alfajiri, ule wa kwenye jiko lililofungwa kwa sababu ya baridi, unakuwa umekwisha. Mafiga msiyang'oe. Yahamishieni nje, mumjengee kibanda cha nguzo nne na paa la juu, kisicho na ukuta, na mumkatie kuni kavu. Maharage yalowekwe usiku, yataiva upesi. Mtoto mchanga asikae mgongoni mwa anayepika. Na kikohozi cha kila asubuhi si cha uzee, mpelekeni akapimwe wiki hii, na daktari aambiwe habari ya kuni hata asipouliza.

Kama ataudharau mtungi bado, niambie. Nitakuja mwenyewe, Misungwi si mbali, niketi naye. Wazee husikia kutoka kwa mgeni walichokikataa kwa mtoto.

Mwanangu, mimi nina miaka 79. Nilichunga kwenye ranchi za Kagera ujana wangu, sasa nipo Kisesa kwa watoto. Wanakunywa maziwa ya pakiti. Ninayoyatamani ni yale ya kibuyu kilichovukizwa. Inawezekana hapa mjini? Na wewe ulikuwa ranchi gani, na mliondoka lini?
*Mzee, Kisesa*

Shikamoo baba. Swali lako limenifanya niweke kalamu chini kwa muda.

Sisi tulikuwa upande ule wa mto unaokwenda mpakani. Baba alianzia zizi la mitamba, akaishia josho. Unalikumbuka josho, baba: mfereji wa saruji wenye maji ya dawa, ng'ombe wanaruka mmoja mmoja, wanazama mpaka masikio, wanatokea upande wa pili wakipiga chafya. Kila wiki, kwa sababu ya kupe na ndigana kali. Nguo za baba zilinuka dawa hiyo hata zikifuliwa, na watoto wa wafanyakazi tulikatazwa kabisa kusogea. Ng'ombe walikuwa Borani, wengi weupe wenye nundu, na fahali mmoja aliyefuata mlio wa debe la chumvi kama mtoto. Jioni vumbi lilitangulia, kisha kengele, kisha wao. Mama alikuwa akilijua kundi la baba kwa kengele tu, akiwa jikoni, na hapo ndipo alipotia maji ya ugali.

Vibuyu nilivifahamu kutoka kwa wanawake wa Kinyambo waliokuwa jirani zetu. Walikuwa na kisabo, kile kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa, wakikisukasuka asubuhi huku wakizungumza. Mama alijifunza kwao.

Inawezekana mjini, ila usifanye kama tulivyofanya zamani: maziwa chemsha kwanza. Siku zile tuliyanywa ya moto kutoka chuchuni, na ugonjwa ule wa ng'ombe kutupa mimba uliingia kwa watu. Baba aliugua homa za kupanda na kushuka kwa mwaka mzima, na maungo yakauma mpaka uzeeni.

Tafuta kibuyu kilichokomaa; kwa kuwa upo Kisesa hutakosa mtu wa kukuuzia. Kioshe kwa maji ya moto na changarawe safi, ukitikisa mpaka maji yatoke meupe, ukianike siku mbili mdomo ukitazama chini. Chukua kijinga cha mgunga kilichoacha kuwaka na kubaki na makaa mekundu, ukiingize mdomoni, ukizungushe ndani mpaka moshi ujae, toa, funika moshi ukiwa ndani. Rudia mara tatu. Kung'uta majivu, pangusa kwa brashi ya ukindu au kitambaa safi. Mimina maziwa yaliyochemshwa na kupoa mpaka uvuguvugu, changanya na vijiko vichache vya maziwa mgando mazuri, ziba, acha siku moja mpaka mbili mahali pasipo jua. Yatakayotoka ni mazito, na utaukuta moshi nyuma kabisa ya ulimi.

Ukitaka samli, usuke mtindi huo mpaka uusikie unabadilika: kwanza hupiga kama maji, kisha mzito kama matope, kisha ghafla unapiga tena kama maji na ndani kuna madonge. Toa siagi, ioshe kwa maji baridi, iweke kwenye chungu moto mdogo. Itapiga kelele wakati maji yanatoka. Kelele zikinyamaza na chini kukawa na chenga za kahawia, epua hapo hapo. Hizo chenga tuligombania.

Tuliondoka mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Amin yalipovuka mpaka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mama alikuwa ameweka mkate kwenye Dover. Baba alikuja akikimbia, yeye ambaye sikuwahi kumwona akikimbia kwa sababu alisema mchunga anayekimbia anatisha ng'ombe, akasema tuondoke kama tulivyo. Mama alifunga kile kibati cha moshi. Sielewi hata leo kwa nini alikifunga, labda mikono ilifanya ilichozoea. Tulivuka daraja la Kyaka pamoja na umati, siku chache kabla halijavunjwa, tukafika Bukoba, tukapanda MV Victoria usiku. Senene wa mwaka ule hatukuwala. Ng'ombe walichukuliwa kwa maelfu. Baba hakuyaongelea, ila kila jioni tukiwa Mwanza, saa ile vumbi lilipokuwa likitangulia, alitoka nje ya chumba akasimama.

Nilirudi mara moja, miaka mingi baadaye, pamoja na dada yangu. Nyumba ya wageni haikuwa na paa. Jiko lilikuwapo, limeanguka ubavu, bomba hakuna, bamba la juu limekwenda. Dada alifungua mlango wa oveni. Mlikuwa na kiota cha kuku, mayai manne. Tuliufunga polepole.

Baba, kama ulipita ranchi za upande ule na uliwahi kumfahamu mtu wa josho aliyepiga mluzi kwa kidole kimoja, mwombe mjukuu aniandikie.

Mama, nimepata magunia mawili ya viazi vitamu kutoka Sengerema. Nataka michembe na matobolwa kama ya bibi, lakini ninaishi nyumba ya kupanga Mabatini. Nitayakaushia wapi?
*Mwalimu, Mabatini*

Mwombe mwenye nyumba sehemu ya paa, au weka chaga juu ya mapipa mawili uani, kuku wasifike. Michembe ni ya viazi vibichi: menya, kata vyembamba kama shilingi mbili zilizopangwa, tandaza siku hiyohiyo. Matobolwa unachemsha kwanza na maganda, na hapa nakuruhusu kuni kwa moyo mweupe, sufuria kubwa nje, kwa sababu gunia zima kwenye gesi litakumaliza. Yakipoa unamenya, unakata, unaanika. Anza sasa kiangazi kikiwa kikali, na umande ukianza kuanguka jioni uyafunike kwa turubai. Siku tatu mpaka tano zinatosha. Kabla ya kuyafunga kwenye gunia, tikisa kiganja kimoja karibu na sikio. Yakigongana kama vijiti, yamekauka. Yakiwa kimya, yarudishe juani.